ZAWADI SI LAZIMA ITOKE DUKANI
Mambo tuliyojifunza Njombe na Makambako



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za shamba: palizi, uchumaji, uanikaji, uzito na bei. Mara hii tumeonelea tuingie ndani ya nyumba, maana hesabu ya karafuu haiishi pale kituoni mkulima anapopokea fedha yake. Hesabu ile huishia jikoni na dukani, na huko ndiko wengi wetu tunakoshindwa.

Kila mwanachama ajua kuwa mkarafuu hauweki ahadi na mtu. Mwaka mmoja huzaa hata matawi yakainama, na mwaka wa pili huleta kidogo tu. Mwaka wa neema ndio mwaka wa harusi, wa wageni na wa kupelekeana zawadi. Basi fedha hutoka kwa seti za vikombe, mabiskuti ya boksi, maua ya plastiki na mazulia ya bei kubwa. Mwaka wa shida ukifika, vikombe vimo kabatini, na sukari ya kutia katika vikombe hivyo yakopwa.

Jambo hili si geni katika visiwa vyetu. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha zamani kilianzishwa mwaka 1927, na katika miaka ya 1930 madeni ya wakulima yalikuwa mazito hata Serikali ya wakati ule ikatunga sheria, mwaka 1934, ya kuzuia mashamba yasihamie mikononi mwa wakopeshaji. Siku zile zimepita. Lakini deni dogo la dukani bado lipo, na hilo halina sheria ya kulizuia isipokuwa akili ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo leo twataka kueleza kazi chache za mikono, za gharama ndogo, ambazo kila nyumba ya mwanachama yaweza kuzifanya: chakula cha kumfurahisha mgeni, zawadi ya kumpelekea jamaa, na chombo kimoja cha nyumbani kitakachopunguza kuni. Mengi katika haya tuliyapata au tuliyafikiri katika safari ya baadhi yetu kwenda nyanda za juu za kusini, Makambako na Njombe. Nasi twaanza na habari za huko, ili msomaji ajue kwa nini watu wa karafuu walikwenda kutafuta elimu katika nchi ya baridi.

NCHI YA BARIDI NA WATU WAKE

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia yapita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo. Mtu akikata kushoto kutoka barabara kuu, hushika njia ya Songea, na baada ya kilomita kama 60 hufika Njombe, mji mkuu wa Mkoa wa Njombe, ambao ulitengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012.

Kisiwa cha Pemba hakina kilima kinachofika mita 150. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake humfanya mtu wa pwani avae kila alichokuja nacho, na asubuhi nyingine huanguka sakitu juu ya majani. Wenyeji wengi ni Wabena, na salamu yao ni "Kamwene". Huko haukui mnazi wala mkarafuu. Badala yake kuna mahindi, maharagwe, ngano, chai, mbatata, maparachichi, na matunda ya baridi kama plamu na fyulisi, ambayo wenyeji huyaita mapichi. Vilima vingi vimefunikwa misonobari na miwati iliyopandwa na watu kwa ajili ya mbao na nguzo.

Asidhani msomaji kuwa nchi hii ni ya mbali na sisi. Nyanda hizo za kusini ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya mbatata na maharagwe yauzwayo katika masoko ya Bara, na mbao za msonobari zitokazo huko zimeezeka mapaa mengi. Mara nyingi tumekula jasho la mkulima wa Njombe bila kumjua.

Jambo lililotugusa ni hili. Mwenyeji wetu, mama wa makamo mwenye shamba la mbatata na ng'ombe wawili, hakukubali tuondoke mikono mitupu. Wala hakumtuma mtoto dukani. Alitupa tenga dogo la mwanzi, alilosukiwa na jirani yake, na ndani yake akatia maharagwe, mbatata na chupa moja ya jemu aliyoipika mwenyewe. Tulipomwambia kuwa ametuzidishia, alijibu: "Wageni wangu, sijanunua kitu. Vyote hivi vimetoka hapa nyumbani." Kwake yeye lile halikuwa neno la kujidharau. Lilikuwa neno la fahari. Nasi tulijiuliza, je, nani katika sisi angemkabidhi mgeni kitu na kusema kwa fahari kwamba hakukinunua?

Wahenga wamesema, kutoa ni moyo, si utajiri. Sisi twaijua methali hii kwa ulimi. Sasa na tuijue kwa mikono.

KAPU LA KUPIKIA

Twaanza na chombo cha nyumbani, kwani ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote tutakavyovitaja.

Nyanda za kusini zina mianzi mingi. Mwanzi wa huko hugemewa ulanzi, kinywaji cha kulevya ambacho hatuna haja nacho katika ukurasa huu. Lakini mwanzi huohuo hupasuliwa vipande vyembamba na kusukwa matenga, nyungo na vikapu vigumu vya kubebea mazao. Jirani zao wa Iringa husuka vikapu vingine kwa milulu, majani yaotayo penye maji, na ufumaji wake umeshikana sana. Nasi Pemba tuna ukindu na makuti, na mafundi wa ukili hatukosi. Kikapu cho chote chafaa, mradi kiwe kikubwa, kigumu, na chenye kifuniko.

Kapu la kupikia hufanya kazi kwa njia nyepesi kufahamika. Chungu kikichemka kina moto mwingi ndani yake, lakini moto ule hupotea upesi katika hewa, na ndiyo sababu twaongeza kuni kila saa. Tukikifunika chungu kila upande kwa kitu kisichopitisha moto, chakula huendelea kuiva chenyewe pasipo kuni. Watu wa Ulaya walifanya hivi wakati wa vita vikuu viwili vya karne iliyopita, makaa yalipokuwa haba. Wao walitumia sanduku lililojazwa majani makavu. Sisi tunacho kitu kizuri zaidi, nacho ni makumbi ya nazi, ambayo nyumba nyingi huyatupa au huyachoma.

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: kikapu kipana, ambacho sufuria ikikaa katikati, hubaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande, makumbi makavu ya nazi kama 30 au zaidi, kwa ukubwa wa kikapu, kitambaa cha pamba cha zamani, mathalan kanga iliyochakaa, na uzi na shazia.

Kwanza yapige makumbi na kuyachambua mpaka yawe laini kama pamba ya godoro, kisha yaanike juani siku mbili, maana yakiwa na unyevu yataota ukungu. Tandika makumbi chini ya kikapu, unene wa kiganja. Weka sufuria katikati, kisha jaza makumbi pande zote na kuyashindilia kiasi. Itoe sufuria taratibu; shimo litabaki. Funika makumbi yote kwa kitambaa na kukishona kwenye ukingo wa kikapu, ili nyuzi zisiingie katika chakula. Mwisho shona mto mnene, ukaujaze makumbi vilevile, nao ndio utakaokaa juu ya sufuria kabla ya kifuniko.

Matumizi yake ni haya. Wali: uchemke dakika tano, kisha sufuria iingie kapuni kwa muda wa saa moja. Mbatata nzima: zichemke dakika kumi, zikae saa moja na nusu. Mchuzi wa nyama: uchemke dakika 20, ukae saa tatu. Maharagwe yataka uangalifu zaidi. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji yale, tia maji mapya, yachemshe kwa nguvu dakika 20 kamili, kisha yakae kapuni saa tatu au nne. Yakitoka, yarudishwe motoni yachemke tena ndipo yaungwe kwa nazi. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo haiondoki ila kwa kuchemka kwelikweli. Basi mtu asifupishe dakika zile.

Tena kuna masharti manne. Sufuria iwe imejaa karibu na juu, maana sufuria tupu hupoa upesi. Kifuniko kisifunuliwe hata mara moja kabla ya wakati. Chini ya sufuria pafutwe vizuri, pasiwe na kaa la moto, kwani makumbi hushika moto haraka. Na chakula kisilazwe kapuni usiku kucha, kikishapoa huharibika.

Ikiwa maharagwe yalikuwa yakila kuni za saa tatu, sasa yatakula za dakika 20 na kidogo tu za kuungia. Kila mwanachama na apige hesabu yake mwenyewe ya kuni au makaa kwa mwezi. Na aliyepata kuona mkarafuu mzima uliokatwa matawi kwa ajili ya kuni ataelewa kuwa kapu hili ni ulinzi wa shamba pia.

Kapu la namna hii ni zawadi njema sana kwa bibi harusi. Likipambwa kwa ukili wa rangi, hapana atakayeuliza limenunuliwa wapi.

JEMU YA MATUNDA NA KARAFUU

Plamu na fyulisi za Njombe huiva pamoja kwa wingi, na zisipotumiwa huoza. Mwenyeji wetu huzipika jemu. Sisi hatuna plamu, lakini mapera, mananasi na maembe yetu nayo huanguka chini na kuoza kwa wingi uleule. Pera ndilo bora kuliko yote kwa kazi hii, kwa kuwa huganda lenyewe.

Twaa matunda kilo moja yaliyomenywa na kutolewa kokwa, sukari robo tatu ya kilo, maji ya ndimu mbili, na karafuu tano zilizofungwa katika kitambaa kidogo. Yapike matunda kwa gilasi moja ya maji mpaka yalainike. Mapera yachujwe kwa chujio ili mbegu zitoke. Tia sukari, ndimu na kifurushi cha karafuu, koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha ongeza moto ichemke kwa nguvu dakika 20 hadi 30, huku ukikoroga isigande chini. Kujua kama imeiva, tia tone katika kisahani kilichopoa. Ukilisukuma kwa kidole na likajikunja, basi tayari. Toa karafuu.

Chupa na vifuniko vyake vichemshwe katika maji dakika kumi, na jemu itiwe ingali moto sana, kisha chupa ifungwe kabisa. Iwekwe mahali pa giza na baridi. Ikishafunguliwa, katika joto letu imalizwe upesi, na kila mara itolewe kwa kijiko kikavu. Ikiota ukungu itupwe yote.

Karafuu tano ni kitu kidogo mno, lakini ndizo zinazoitofautisha jemu hii na ile ya dukani. Mwenyeji wetu wa Njombe alipoionja kwa mara ya kwanza, hakuuliza bei ya karafuu. Aliuliza kama twaweza kumpa nyingine.

KACHIRI NA JIBINI

Mgeni akija ghafla, wengi wetu humtuma mtoto dukani kuleta biskuti. Kachiri za mbatata zilizokwisha kutengenezwa na kuwekwa katika kopo hutuondolea safari hiyo.

Menya mbatata kilo moja, zikate nyembamba kadiri kisu kinavyoweza, zioshe maji matatu mpaka maji yawe safi, kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa. Zikaange chache chache katika mafuta ya moto mpaka zigeuke rangi na kukauka. Tia chumvi na pilipili zikiwa bado na moto. Anayependa ukali wa ndimu na anyunyize unga wa embe bichi lililokaushwa, wala si maji ya ndimu, kwani maji huzilainisha. Zikipoa kabisa ndipo zitiwe koponi. Mihogo yetu nayo hufanywa hivyohivyo, mradi uwe muhogo mtamu.

Wakulima wa Njombe hawaachi mbatata juani. Mbatata ikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa chungu, na ile sehemu ya kijani ina sumu. Kwa hiyo anunuaye gunia na aliweke gizani, penye hewa.

Njombe pia ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na jibini hutengenezwa huko. Ya viwandani yataka dawa ya kugandishia na muda mrefu wa kungoja, lakini iko jibini nyepesi ambayo mtu huila siku ileile. Chemsha maziwa lita mbili mpaka yafure, yaondoe motoni, tia maji ya ndimu vijiko vikubwa vinne kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Maziwa yatakatika, maziwa mazito upande mmoja na maji ya kijanikijani upande mwingine. Yachuje katika kitambaa safi, mimina maji baridi kuondoa ukali wa ndimu, tia chumvi, kamua, kisha weka jiwe safi juu yake kwa saa moja. Utapata kipande kama robo kilo au zaidi. Kikatwe vipande, kikaangwe kidogo, kiliwe na mkate wa kusukuma. Kisilale bila barafu. Maji yaliyobaki yafaa kukandia unga.

CHAI YA NJOMBE, VIUNGO VYA KWETU

Chai hulimwa Njombe, katika sehemu kama Luponde na Lupembe. Viungo vya kutia katika chai hiyo ni vya kwetu. Nchi mbili hukutana katika kikombe kimoja, nasi tukaona hakuna zawadi iliyo rahisi kuliko kuwakutanisha katika chupa.

Twaa tangawizi kavu iliyosagwa vijiko vinne, mdalasini vijiko viwili, iliki vijiko viwili, pilipili manga kijiko kimoja, na karafuu nusu kijiko. Karafuu isizidi hapo, maana hushinda wenziwe wote na kuutia ulimi ganzi. Vyote viwe vikavu, visagwe na kuchekechwa, kisha vitiwe katika chupa ndogo ya glasi iliyokauka. Kijiko kidogo nusu chatosha birika moja. Funga kipande cha kanga juu ya kifuniko, andika kwa mkono jina la kiungo na tarehe, na hiyo ni zawadi ya kumpa mwalimu wa watoto, mganga wa zahanati, au jirani aliyejifungua.

KARAFUU KWA NGUO

Tumebakiwa na zawadi mbili zinazotoka katika shamba letu wenyewe. Hizi ndizo tulizowapelekea wenyeji wetu, nazo ziliwafaa kuliko tulivyodhani, kwa sababu watu wa baridi huvaa masweta na mablangeti ya sufu, na sufu hutobolewa na nondo.

Ya kwanza ni kifuko cha nguo. Kata kitambaa cha pamba, ukubwa wa viganja viwili, ukishone kiwe mfuko. Tia karafuu vijiko vikubwa vitatu, ganda la chungwa lililokaushwa na kuvunjwavunjwa, na kipande cha mdalasini. Funga kwa uzi, na kiwekwe kati ya nguo kwenye sanduku. Hapana haja ya kutumia karafuu za daraja la kwanza. Zilizovunjika vichwa na makonyo yake hutosha, ila yawe makavu kabisa. Harufu ikififia baada ya miezi, mtu hukifinya kwa mkono, karafuu huvunjika na harufu hurudi.

Ya pili ni chungwa la karafuu, na hili ni pambo vilevile. Chagua chungwa dogo, gumu, lisilo na jeraha. Litoboe kwa shazia, na katika kila tundu ukachomeke karafuu moja, vichwa vikikaribiana hata ganda lisionekane. Chungwa moja hula kiganja kimoja cha karafuu au kupita kidogo. Libingirishe katika unga wa mdalasini, kisha lianikwe juani mchana kama tuanikavyo karafuu zenyewe, na usiku liingizwe ndani, kwa muda wa wiki tatu au nne. Litasinyaa na kuwa gumu na jepesi. Kwa unyevu wa kisiwa chetu, mapengo yakiachwa chungwa huoza. Kwa hiyo chomeka karafuu bila kuacha nafasi, na likionyesha ukungu litupwe. Kisha litiwe utepe na kutundikwa kabatini. Visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ambako ndiko asili ya mkarafuu, watu wake wamekuwa wakitunga karafuu kwa nyuzi na kuunda majahazi madogo ya mapambo. Mafundi wetu wa ukili wakitaka kujaribu jahazi la Kipemba kwa namna hiyo, sisi tutakuwa wa kwanza kuliangalia.

Hapa hatuna budi kukumbusha neno moja. Karafuu za biashara njia yake ni ile ya kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na magendo ni kosa kubwa. Tunayoyasema hapa ni vijiko vya matumizi ya nyumbani. Mwanachama anayetaka kuchukua karafuu nje ya kisiwa, hata kwa zawadi, na aulize kwanza katika ofisi ya Shirika, apate maelezo, asije akaaibika bandarini.

KWA WENYE SHAKA

Twajua yatakayosemwa. Wa kwanza atasema kazi hizi ni za wanawake, na gazeti hili ni la wakulima. Twamjibu kuwa wanawake wengi ni wakulima na ni wanachama, na tena makumbi hayachambuliwi kwa ndevu wala kwa buibui, bali kwa mikono, na mikono wote tunayo. Vikapu vya mwanzi tulivyoviona Makambako vilisukwa na wanaume na vijana.

Wa pili atasema kuwa ni aibu kwenda harusini na chupa ya jemu wakati wenzake wamebeba seti za dukani. Hili ni zito zaidi, nasi hatulichezei, kwani mtu huishi na watu. Lakini na tulitazame vizuri. Seti ya vikombe hununuliwa na mtu mmoja kwa deni, na anayeipokea huwa anazo nyingine tatu. Kapu la kupikia hutumika kila siku. Aibu ya kweli ni ile ya mwezi wa nne baada ya harusi, mwenye duka anapotuma mtoto kudai. Na kwa kuwa hapana apendaye kuwa wa kwanza, twashauri watu waanze pamoja: nyumba kumi za tawi moja zikikubaliana kuwa harusi zao za mwaka huu zawadi ni za mikono, hapana hata mmoja atakayeonekana mnyonge.

Wa tatu atasema faida yake ni ndogo. Ni kweli, kwa siku moja ni ndogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Twamwomba kila mwanachama atwae daftari la mtoto wa skuli na kuligawa kurasa mbili. Upande mmoja aandike kila kitu kilichonunuliwa dukani kwa ajili ya mgeni, zawadi au pambo, pamoja na bei yake. Upande wa pili aandike vilivyotengenezwa nyumbani na gharama yake. Afanye hivyo kwa miezi mitatu, kisha ajumlishe. Daftari litasema lenyewe.

Kila tawi linaombwa kuleta, katika mkutano ujao, kapu moja la kupikia lililotengenezwa na wanachama wake. Tutachemsha maharagwe asubuhi kabla ya mkutano kufunguliwa, tuyatie kapuni mbele ya macho ya wote, na mkutano ukiisha tuyaunge na kuyala. Wajumbe wataamua wenyewe kama tumesema kweli.